Gari la Mazao Lipimwe kwa Gunia, Si kwa Ukubwa

Ndugu wakulima wa Buswelu, Sangabuye, Kayenze, na wa vijiji vyote vilivyo jirani,

Siku hizi mkulima akivuna vizuri, neno la kwanza alinenalo ni gari. Baba zetu walipopata fedha ya pamba walinena ng'ombe, kisha mabati. Sisi twanena gari. Mimi siwalaumu wanenao hivyo. Nyanya iliyoiva haingoji, wala mchicha haungoji. Na mwenye maziwa asipofika mjini asubuhi, jioni ana kitu kingine wala si maziwa. Tena soko limetusogelea mno. Buswelu yenyewe leo ni makao ya Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela, na tangu mwaka wa 2025 daraja la Kigongo na Busisi limeunganisha ng'ambo mbili za ziwa ambazo zamani zilingoja kivuko. Mtu mwenye njia ya kuchukulia mazao yake ana nafuu kubwa kuliko asiyenayo.

Lakini naona wengi wetu huchagua gari kama mtu achaguavyo kanzu ya sikukuu: aitazama rangi, apima jinsi atakavyotazamwa na watu, kisha atoa fedha. Kazi ya gari hakuiuliza, wala mafuta yake hakuyauliza. Shauri langu katika waraka huu ni fupi, na kila mtu aweza kulikumbuka: gari lichaguliwe kwa mzigo wa kila juma, lisichaguliwe kwa mzigo wa siku moja ya mavuno, na lisinunuliwe kamwe kwa fedha ya maksai.

Nitaanza na hilo la maksai, maana hapo ndipo nilipoangukia mimi mwenyewe.

Kosa letu sisi ndugu wawili

Miaka kumi na zaidi iliyopita, mimi na mdogo wangu tulikuwa na maksai wanne na plau moja, na ng'ombe wachache wa maziwa. Shamba la baba lilikuwa likilimwa kwa wakati, nasi tulivuna kadiri ya magunia thelathini ya mahindi na mpunga katika mwaka usio mbaya. Mdogo wangu akaona gari mjini: pikapu kubwa la petroli, lenye injini ya silinda sita, linalovuta kwa magurudumu manne. Mwenye kuliuza alituambia kwamba halijachoka, nasi tukaisoma saa ya kilomita na kuamini. Tukauza maksai wote wanne, na ng'ombe wawili juu yake.

Mwezi wa kwanza tulikuwa wakuu wa kijiji. Mwezi wa pili tulianza kujua kwamba gari lile lilikuwa likinywa mafuta kama ng'ombe anywavyo maji wakati wa kiangazi, hata likibeba magunia matatu tu. Ikaja mvua ya Novemba. Jirani zetu wakafunga nira, nasi tukaenda kukodi maksai. Kila tuliyemwendea alitujibu kwa adabu kwamba atakuja, ila amalize kwanza lake. Na haki ilikuwa yake. Tulipanda mwaka mpya ulipokwisha kuingia. Jua likaikuta mimea ingali michanga, tukavuna magunia kumi na moja.

Siku tulipokwisha kupukuchua, mama yetu alilitazama gari lililosimama chini ya mwembe, akatuuliza swali moja tu: "Sasa hili litabeba nini?" Hatukuwa na jibu. Nami ndiye niliyekuwa nikipita vijijini kuwafundisha watu faida ya kupanda mapema.

Gari lile tuliliuza kwa theluthi ya bei tuliyolinunulia, tukanunua ndama wawili na kuwafundisha nira upya. Ilitupasa kungoja miaka mitatu kabla shamba halijarudi hali yake. Sisemi haya ili mnihurumie. Nayasema kwa sababu kila mwaka namwona mtu mwingine akifuata njia ile ile. Maksai ni mkono unaolima. Gari ni kikapu cha kuchukulia kilichokwisha kulimwa. Mwenye kuuza mkono ili anunue kikapu atakuwa na kikapu kitupu. Gari linunuliwe kwa faida iliyobaki baada ya mbegu, mbolea, ada za watoto, na chakula cha nyumbani. Na kama faida hiyo haijatosha, mkokoteni wa maksai au gari la kukodi si aibu.

Hesabu ya gunia

Katika shule ya misheni niliyosoma, mwalimu wetu wa hesabu alikataa jibu lolote lisiloonyesha njia yake. Basi na tuonyeshe njia.

Tuseme kwamba kutoka shambani hadi sokoni na kurudi ni kilomita 28. Tuseme pikapu kubwa la petroli, la zamani, huenda kilomita 7 kwa lita moja. Safari hiyo italitaka lita 4. Tuseme gari dogo, lile tuliitalo kirikuu, huenda kilomita 14 kwa lita moja. Litataka lita 2. Gunia liwe la kilo 100.

Pikapu kubwa likibeba magunia 10, kila gunia limekula sehemu 4 katika 10 za lita. Kirikuu likibeba magunia 3, kila gunia limekula kadiri ya theluthi mbili za lita. Lakini pikapu kubwa likibeba magunia 3 yale yale, kila gunia limekula lita moja na theluthi.

Tazameni vizuri. Gari kubwa lililojaa lashinda gari dogo lililojaa. Gari dogo lililojaa lashinda gari kubwa lililo nusu tupu, tena lalishinda mara mbili. Basi si kweli kwamba gari dogo ni nafuu siku zote, wala si kweli kwamba gari kubwa ni hasara siku zote. Hasara iko katika nafasi tupu. Mwenye kununua gari ajiulize: katika majuma 52 ya mwaka, ni majuma mangapi nitakapokuwa na magunia 10? Kama ni majuma manne, akodi gari kubwa kwa majuma hayo manne, na kwa majuma 48 yaliyobaki atumie dogo.

Bei ya mafuta hutangazwa na EWURA kila mwezi, siku ya Jumatano ya kwanza. Chukua bei hiyo, izidishe kwa lita za safari yako, gawanya kwa magunia. Ukilinganisha na nauli atakayokutoza mwenye gari la kukodi, utajua kama inafaa kununua au la. Lakini usisahau kuongeza tairi, mafuta ya injini, bima, na fundi. Maana gari lina tumbo zaidi ya moja.

Aina za magari tulizo nazo

Kirikuu ni gari jema kwa mwenye mboga, maziwa, mayai, au magunia machache. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 660 tu, na kwao Japani sheria imelipa mzigo wa kilo 350, yaani magunia matatu na nusu. Sisi hapa twalipakia mara mbili na mara tatu ya hayo, kisha twashangaa springi zikivunjika na breki zikikataa kwenye mteremko. Tena gari dogo likizidiwa mzigo hupanda mlima kwa gia ya chini, injini ikipiga kelele, na hapo unafuu wake wote wa mafuta hupotea. Aliyenunua kirikuu amenunua kilo 350. Asidhani kwamba amenunua lori kwa bei ya kitoto.

Pikapu la kadiri ya tani moja, kama vile Toyota Hilux, lamfaa mwenye mazao mengi ya mwaka mzima, au watu kadhaa walioshirikiana. Kati ya petroli na dizeli, ijulikane kwamba lita moja ya dizeli ina nguvu kuliko lita moja ya petroli, na injini ya dizeli hupoteza kidogo. Kwa hiyo lita hiyo hufika mbali zaidi. Lakini pampu yake na nozeli zake ni ghali kutengeneza, na huharibiwa upesi na mafuta machafu. Mwenye safari fupi chache huenda asiione faida ya dizeli kamwe. Mwenye safari ndefu za kila siku ataiona.

Gari la kuvuta kwa magurudumu manne lafaa kule kwenye mbuga, ambako udongo mweusi wakati wa mvua humeza gurudumu hadi ekseli. Lakini kwa mkulima wa luseni, ambaye njia yake ni ya mchanga mgumu na changarawe, mitambo ile ya mbele ni uzito wa bure uchukuliwao mwaka mzima. Na mwenye nayo asiifunge ila mahali pa matope. Penye njia kavu aiache huru.

Kulikagua kabla ya kulipa

Usiende kununua peke yako, wala usiende na fundi aliyeletwa na mwuzaji. Chukua fundi wako mwenyewe, umlipe siku yake. Fedha hiyo ni ndogo kuliko majuto.

Mwambie mwuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Gari likiwa la moto huficha maradhi. Likiwa la baridi hukiri. Liwashwapo, utazame moshi. Moshi wa buluu waonyesha kwamba injini yala mafuta yake ya kulainisha. Moshi mweusi waonyesha kwamba mafuta yaingia kupita kiasi, au hewa haitoshi. Moshi mweupe usiokoma hata gari likipata moto, na maji ya redieta yakipungua, ni dalili ya maji kupenya ndani ya silinda. Chomoa kijiti cha mafuta: mafuta yakiwa na rangi ya maziwa, rudi nyumbani.

Usiiamini saa ya kilomita peke yake, maana hurudishwa nyuma. Tazama kanyagio za breki na klachi zilivyochakaa, tazama usukani, tazama kiti cha dereva. Gari lenye kanyagio zilizolika hadi chuma haliwezi kuwa limetembea kidogo. Ingia chini yake utazame kutu ya chesisi, na kama chuma kimeungwa mahali. Mwisho, linganisha namba ya chesisi na namba iliyo katika kadi, na mhakikishe umiliki katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato kabla fedha haijatoka mkononi.

Kupunguza mafuta

Wengi huniuliza dawa ya kutia katika tangi ili gari lile kidogo. Sijaona dawa hiyo. Dawa iliyo kubwa ni mguu wa dereva. Anayekanyaga kwa nguvu kisha akafunga breki kwa nguvu huyanunua mafuta mara mbili: kwanza kwa kuliondoa gari, kisha kwa kuigeuza nguvu ile kuwa joto la breki. Katika njia za mji, kutoka Nyakato kwenda katikati ya Mwanza, tofauti ya dereva mpole na dereva mkali yaweza kufika sehemu 10 katika 100 na kuzidi sana. Basi ukiajiri dereva, usimwulize tu kama ana leseni. Panda naye, uweke kikombe cha maji mbele ya kioo, uone yamwagika mara ngapi.

La pili ni mwendo. Upepo hulizuia gari, na kizuizi hicho hukua upesi kuliko mwendo wenyewe. Gari liendalo kilomita 100 kwa saa hupingwa na upepo mara moja na nusu, na zaidi kidogo, kuliko liendalo kilomita 80. Kutoka Kisesa hadi mjini, mwendo huo mkali hukuokolea dakika chache tu, na nyanya zako hazitauzwa ghali kwa dakika hizo. Turubai nalo lifungwe liwe limekaza. Likipigapiga hushika upepo kama tanga la mtumbwi, nalo lararuka.

La tatu ni tairi. Upepo wa tairi upimwe asubuhi kabla ya safari, kwa kipimo, si kwa teke. Tairi zote zikipungua kila PSI 5, mafuta huongezeka kadiri ya sehemu 1 katika 100. Hilo laonekana dogo. Lakini tairi yenye upepo haba hupata moto, hulika pembeni, na kupasuka ikiwa na mzigo, na bei ya tairi moja ni bei ya safari nyingi.

La nne ni kuacha injini ikinguruma bure. Injini ya pikapu iliyosimama hula lita moja au mbili kwa saa, bila kusogea hatua. Pale sokoni Kirumba nimeona dereva akingoja mteja saa nzima, injini ikiwaka ili redio isimalize betri. Mwenye mali alikuwa nyumbani, akijiuliza faida imekwenda wapi.

La tano ni chujio la hewa. Vumbi la kiangazi kwetu ni jingi. Katika magari ya kale yenye kabureta, chujio lililoziba huongeza ulaji wa mafuta; katika magari ya siku hizi hupunguza nguvu zaidi kuliko kuongeza ulaji, lakini yote mawili ni hasara. Likung'utwe mara kwa mara wakati wa vumbi, na lililochoka libadilishwe.

La sita ni mafuta yenyewe. Nchi yetu iliumizwa sana na uchakachuaji, yaani kuchanganya mafuta ya taa katika dizeli na petroli, hata EWURA ikaanza mwaka wa 2010 kutumia vinasaba ili kuyatambua mafuta halali. Nunua kituoni, uchukue stakabadhi. Mafuta ya dumu la njiani ni nafuu siku ya kwanza tu.

La saba ni mzigo usio na kazi. Kila kilo 45 hivi za ziada huongeza mafuta kadiri ya sehemu 1 katika 100, na gari dogo huumia zaidi. Mawe ya kuzuia gurudumu yawe mawili, si kumi. Vyuma vya ujenzi uliokwisha mwaka jana vishushwe.

Neno juu ya biashara ya kukodisha

Najua nitakalojibiwa. Mtu atasema: "Bwana Shamba, mimi nitanunua gari kubwa, na siku nisizo na mzigo nitabeba wa wenzangu, nao watanilipa." Jibu hili si la mpumbavu. Wako waliofanya hivyo wakafanikiwa. Lakini hao wameacha kuwa wakulima wenye gari, wamekuwa wenye magari waliobaki na shamba. Biashara ya uchukuzi ina maarifa yake: ina wateja wa kutafuta, madeni ya kudai, askari wa barabarani, na gari bovu usiku wa manane. Mwenye kuitaka aiingie kwa kujua. Asijidanganye kwamba wateja watakuja wenyewe kwa kuliona gari limesimama mlangoni; maana siku mzigo wake mwenyewe umekwisha, na wa jirani umekwisha vilevile. Mavuno yetu huja pamoja na hukoma pamoja.

Kwa walio wengi naona njia bora zaidi: watu watano au sita waliopakana, wenye imani wao kwa wao, wakodi au wanunue pikapu moja la tani moja, wapange siku za soko, na kila safari ijae. Hapo ile hesabu ya sehemu 4 katika 10 za lita kwa gunia huwa ya kweli. Jambo hili si geni kwetu. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walipochoka kupunjwa kwenye mizani, walijiunga katika vyama vya ushirika, na mwaka wa 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Walianza kwa kutaka kuisoma mizani wenyewe. Nasi leo yatupasa kuisoma mizani ya mafuta wenyewe, tusimwachie dereva wala mwuzaji.

Na tupakiapo, tuache lumbesa. Gunia lililovimba likapita kilo 100 ni kinyume cha sheria ya vipimo, lampunja mkulima, na laharibu hesabu yote ya gari: mtu adhani amebeba magunia 10, kumbe amebeba 13.

Daftari

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari la shilingi chache, ulitundike ndani ya gari pamoja na kalamu. Chora safu tano: tarehe, kilomita, lita, magunia, na fedha iliyotumika kwa fundi. Jaza tangi hadi shingoni, uandike kilomita. Safari zako zikiisha, jaza tena hadi shingoni kwenye kituo kile kile, uandike lita zilizoingia. Gawanya kilomita ulizokwenda kwa lita hizo: hiyo ndiyo hesabu ya kweli ya gari lako, kuliko maneno ya mwuzaji na kuliko yangu mimi.

Hesabu hiyo ikishuka ghafula, kwa mfano kutoka kilomita 12 hadi 10, kuna jambo: ama tairi, ama breki inayoshika, ama chujio, ama mtu anafyonza tangi usiku. Likitafutwa mapema ni kazi ya siku moja. Likiachwa ni injini nzima.

Aliye tayari kununua mwaka huu, na aje kwanza ofisini kwangu Buswelu siku yoyote ya kazi kabla ya saa nne asubuhi, akiwa na hesabu ya magunia yake ya miaka mitatu. Tutakaa mezani tufanye pamoja. Na ikiwa fedha anayokusudia kutumia bado ina pembe na mkia zizini, nitamwomba arudi nyumbani, alime kwanza.